Njooni na Daftari Moja
Mhadhara uliotolewa siku ya kwanza ya kongamano la walimu wa shule za msingi



Ratiba inanipa dakika arobaini, na mtunza muda ameshanionyesha kadi yake nyekundu kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo salamu naziruka. Naomba nianze na swali ambalo halimo kwenye mada niliyopewa. Saa hii, darasa lako lina nani?

Sitaki jibu la kwenye fomu ya ruhusa, nataka la kweli. Huko shuleni kuna mwalimu wa zamu anayeruka kati ya madarasa mawili, au kuna kiranja amenakili maswali ubaoni na sasa anaorodhesha majina ya wapiga kelele. Nimehesabu viti vya ukumbi huu, tunakaribia mia na ishirini. Tuseme kila mmoja wetu ameacha watoto sitini. Naona wengine mnacheka kwa sababu mmeacha mia na kumi. Kwa hesabu ya sitini tu, hao ni watoto 7,200, na kongamano ni la siku tatu. Wafadhili wamelipia ukumbi na chakula, lakini kiingilio chetu kimelipwa na watoto hao. Nitakayosema asubuhi hii yote yanahusu deni hilo na jinsi ya kulilipa.

Semina yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, nafundisha Hesabu Darasa la Kwanza na la Pili kwenye shule moja huko Machame, mwalimu mkuu akaniita ofisini akaniambia jina langu limetoka. Wazee humu mnaijua raha ya maneno hayo, "jina limetoka". Wiki nzima kwenye chuo cha ualimu, chai ya maziwa, wali mara mbili kwa siku, na posho mwishoni. Siwezi kusimama mbele yenu nikajifanya mtakatifu: posho ile ilinunua mabati manane, na mabati yale yapo hadi leo. Kuhusu mada zilizofundishwa nina machache zaidi ya kusimulia. Nakumbuka mkufunzi aliyetuonyesha kutengeneza zana kwa vifuniko vya soda. Nakumbuka makofi ya pasha-pasha kila baada ya uwasilishaji wa kikundi. Nilirudi na jalada la kaki lenye karatasi za stensili, nikalitia kwenye kabati la ofisi, na nadhani panya walilifaidi kuliko mimi.

Hili la posho nalitaja kwa makusudi, kwa sababu watu wa nje hupenda kutucheka kwalo. Mapendekezo ya ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu yalipitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Mle ndani imeandikwa kwamba mafunzo kazini yawafikie walimu wote bila malipo. Majirani zetu wa Kenya walipozindua mpango wao wa mafunzo endelevu mwaka 2021, mwalimu akatakiwa kutoa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, kelele zilizozuka zilikuwa za haki kabisa. Mwalimu anayedai nauli yake hana tamaa. Tatizo linaanza pale posho inapogeuka kuwa sababu ya kuchagua nani aende. Nimewahi kukaa kwenye mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya mwanzo, jirani yangu akiwa mwalimu wa Darasa la Saba. Nilimuuliza amefikaje pale. Akanijibu bila hata kuona haya: "Ilikuwa zamu yangu." Mwalimu wa Darasa la Kwanza wa shule yake alikuwa amebaki nyumbani, kwa kuwa yeye alishaenda semina ya ukimwi mwaka uliotangulia.

Tumetoka mbali na mafunzo haya, na si kila cha zamani kilikuwa kibovu. Mwishoni mwa miaka ya sitini hadi katikati ya sabini tulikuwa na MTUU, mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, ambao wakufunzi wake walitoka vyuoni wakazunguka mashuleni. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na lengo la kila mtoto kuwa shuleni ifikapo 1977. Walimu wangetoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza Darasa la Saba, makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa wakufunzi waliowatembelea, huku tayari wanashika chaki. Walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Jina hilo likawa tusi. Mimi nilifundishwa na mmoja wao, na sitaki kuyapamba mambo: kijana yule alipofika kwenye sehemu zenye asili tofauti alikuwa anatutangulia kwa ukurasa mmoja tu wa kitabu. Ila alikuwa na kitu ambacho sisi wa semina za hotelini hatuna. Alichosoma jioni alikijaribu kesho yake asubuhi, kikimshinda alimngoja mkufunzi akiwa na swali mkononi. Mafunzo yake na darasa lake vilikuwa chumba kimoja.

Baadaye idadi zikatuzidi. Ada ilipofutwa na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanza mwaka 2002, shule za msingi ambazo zilikuwa na wanafunzi kama milioni 4.4 mwaka 2000 zilifikia milioni 7.5 mwaka 2005. Mtaala ukabadilika, ukabadilika tena kwa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015, na mitaala mingine ikaanza Januari 2024. Kila mabadiliko yalihitaji kuwafikia walimu wote upesi, na njia iliyoonekana rahisi ni ile ya kushuka ngazi kwa ngazi: taifa linafundisha wawezeshaji wa mikoa, mikoa inafundisha wilaya, wilaya inafundisha kata, na kata inamfundisha mwalimu mmoja wa kila shule ambaye ataenda "kuwapa wenzake mrejesho".

Kwetu Uchagani tunaijua njia hiyo kwa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani. Mwenye shamba la juu hufungulia maji meupe, yamejaa. Wa katikati hupata yanayotosha mahindi. Wa mkiani huamka saa nane za usiku na jembe begani, akakuta tope. Mafunzo ya wiki mbili juu kule huwa siku tano mkoani, siku mbili kwenye kata, na shuleni huwa dakika ishirini za mwisho wa kikao cha walimu, baada ya ajenda ya uji na kabla ya mengineyo. Yule aliyetoka semina anasimama, anasema "wenzangu, tulifundishwa mambo mengi mazuri sana, nitawapa kopi", kikao kinafungwa kwa sala. Kopi hazitoki. Mashine ya shule haina wino, kama ipo.

Tofauti na mfongo ni kwamba wa mkiani wa mafunzo ndiye mwenye mtoto.

Wamarekani wawili, Bruce Joyce na Beverly Showers, walianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1980. Wanachosema ni kwamba mwalimu anaweza kuelezwa nadharia, akaonyeshwa mfano, akafanya mazoezi ukumbini mbele ya wenzake na akafaulu, na bado akirudi darasani asikitumie alichojifunza, mpaka awepo mtu wa kumfuata kule, akakaa nyuma ya darasa, akaona, wakazungumza. Kenya walilijaribu hili kwa vitendo. Mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima kwa madarasa ya mwanzo mwaka 2015, maafisa wa kusaidia mtaala, ambao ni sawa na maafisa elimu kata wetu, walipewa vishikwambi, wakaingia madarasani kusikiliza watoto wakisoma, na nauli zao zilirudishwa kulingana na shule walizofika. Usomaji wa watoto ulipanda. Maafisa elimu kata, nawaona mmeanza kunong'onezana kuhusu mafuta ya pikipiki. Nongʼonezaneni kwa sauti, mgeni rasmi asikie.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Miaka mingi baada ya yale mabati, nilikuwa mshiriki kwenye warsha ya siku tatu ya kufundisha Hisabati. Siku ya pili, kama saa nne na nusu, umeme ulikatika. Mwezeshaji alikuwa na slaidi themanini na tatu, nilijua kwa sababu namba ilionekana chini ya kila moja, na tulikuwa ya kumi na tisa. Projekta ikazima, feni ikasimama, watu wakaanza kutoa simu. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mwalimu wa Darasa la Tatu, akafungua mkoba wake akatoa rundo la madaftari na kalamu nyekundu akaanza kusahihisha. Alikuja nayo ili asirudi kwenye mlima wa kazi. Mwezeshaji, na kwa hili namheshimu mpaka kesho, akamwendea akamwuliza: "Hilo unalolisahihisha lina nini?"

Lilikuwa la kutoa. Mtoto alikuwa na kosa kumi kati ya kumi, na chini, kwa kalamu nyekundu, neno letu lile: Jitahidi. Mwezeshaji akaandika ubaoni kwa chaki maswali matatu ya mwanzo kama mtoto alivyoyajibu:

52 − 27 = 35
61 − 38 = 37
40 − 16 = 36

Akatuuliza mtoto huyu hajui nini. Tukajibu kwa pamoja kama kwaya: hajui kutoa. Mwingine akasema hayuko makini. Mwingine akauliza kama nyumbani wanamsaidia. Tulikuwa walimu zaidi ya arobaini, na maelezo yetu yote yalikuwa juu ya tabia ya mtoto na wazazi wake.

Ilichukua dakika kadhaa, kisha kijana mmoja wa ajira mpya akasema polepole: "Lakini hajabahatisha." Tukatazama tena. Kwenye mamoja, 2 toa 7 haiwezekani, basi mtoto amegeuza, 7 toa 2 ni 5. Makumi, 5 toa 2 ni 3. Thelathini na tano. Swali la pili, vilevile: 8 toa 1 ni 7, 6 toa 3 ni 3. La tatu, 6 toa 0 ni 6, 4 toa 1 ni 3. Mtoto alikuwa na kanuni, na aliifuata kwa uaminifu maswali yote kumi bila kuteleza hata mara moja. Mtu asiye makini hawezi kufanya hivyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchunguzi wa makosa ya namna hii huko Marekani mwaka 1978, na kosa la huyu binti wa Darasa la Tatu lilikuwa miongoni mwa waliyoyakuta. Siku ile hatukuwa na Brown wala Burton. Tulikuwa na daftari.

Swali lililofuata ndilo lililonishusha. Kanuni hiyo mtoto aliipata wapi? Ukumbi ulikaa kimya, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile ya Machame. Nilikuwa nikiwaimbisha Darasa la Kwanza: kubwa toa ndogo, kubwa toa ndogo. Ilikuwa inasaidia. Mtoto aliyeandika 3 − 8 badala ya 8 − 3 alinyooka mara moja. Niliwafundisha watoto hivyo kwa miaka kumi na zaidi, wakapata vema zao, wakapanda madarasa, na kule juu mwalimu mwingine akawaandikia Jitahidi. Nilisimama nikalisema hilo mbele ya watu. Wakainuka wengine sita, kila mmoja na wimbo wake.

Umeme haukurudi hadi saa nane. Mpaka hapo tulikuwa tumeshabishana njia za kumtoa mtoto yule pale alipokwama. Mmoja alitaka vijiti vilivyofungwa kumikumi, mtoto afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine alikataa vijiti, akasema mtoto wa Darasa la Tatu anatumwa dukani kila siku: mpe noti tano za elfu kumi, na noti mbili za elfu moja, za karatasi tu alizochora, mwambie alipe elfu ishirini na saba kwa muuzaji asiye na chenji. Lazima avunje noti. Yule mama aliandika yote mawili nyuma ya daftari la maandalio. Alifuta neno Jitahidi kwa sababu, alivyosema, mtoto alikuwa ameshajitahidi vya kutosha.

Slaidi zilizobaki tulitumiwa kwa barua pepe. Sijazifungua.

Wajapani wamelifanya jambo kama tulilolifanya siku ile bila umeme kuwa desturi ya shule kwa zaidi ya miaka mia. Walimu huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha huku wenzake wamesimama pembeni wakiwatazama watoto, kisha hukaa kujadili kilichotokea. James Stigler na James Hiebert waliwaeleza Wamarekani desturi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1999, na dunia nzima ikashtuka. Mradi wa SMASSE, uliofunguliwa Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ulileta sehemu ya fikra hizo Afrika Mashariki. Na sisi sasa tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yenye Jumuiya za Ujifunzaji ndani ya kila shule. Kwenye karatasi ni jambo jema kuliko yote niliyoyaona tangu 1985. Walimu wa shule moja wakutane, wazungumzie ufundishaji wao, hapo walipo, bila nauli wala hoteli.

Lakini nimezitembelea jumuiya hizo, na nyingine nimekuta zimeshakuwa semina ndogo. Kuna moduli inasomwa kwa sauti, mtu kwa aya. Kuna karatasi ya mahudhurio. Kuna picha inapigwa walimu wakiwa wameinamia meza, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, mtu anajibu kwa vidole gumba vitatu, na kikao kimekwisha. Niliuliza kwenye shule moja kama kuna kazi ya mwanafunzi mezani. Walinishangaa. Mwalimu wa taaluma akaniambia kwa heshima: "Mzee, hapa tunajifunza sisi."

Najua kinachotuzuia. Daftari la mtoto ni ushahidi, na sisi tumezoea ushahidi utumike dhidi yetu. Mthibiti ubora akiliona ataandika. Mwalimu mkuu akiliona atakumbuka siku ya kupendekeza majina ya kupanda daraja. Ndiyo maana mgeni akija tunamwonyesha daftari la yule binti wa mwandiko mzuri, lilelile miaka yote, hata karatasi zake zimechoka kuonyeshwa. Wathibiti ubora mliomo humu, nawaomba jambo moja: kwenye kikao cha namna hii kaeni kama walimu, kalamu mfukoni.

Kuna wanaosema wana watoto mia, watachambua madaftari mangapi. Jibu langu ni moja tu. Usilete la mtoto bora wala la aliyekata tamaa. Lete la yule ambaye humwelewi, anayekosea kila siku kwa namna ileile na wewe hujui kwa nini. Wala lisiwe la Hisabati tu. Kuna mtoto anaandika "arikuja", "kurara", "karamu" akimaanisha ya kuandikia, na tumeshamwandikia sahihisho mara hamsini. Lugha ya nyumbani kwao haizitenganishi sauti hizo mbili, l na r, kwa hiyo sikio lake halijawahi kupewa sababu ya kuzitofautisha. Humu ndani kuna walimu waliokulia kwenye lugha kama hizo wakaandika Kiswahili safi. Hao wanajua jinsi walivyovuka, na hakuna mwezeshaji aliyewahi kuwauliza.

Nimezungumza na kamati ya maandalizi jana usiku. Walikuwa wakarimu, ingawa mwenye zamu ya projekta alininunia kidogo. Kesho, kipindi cha kwanza hadi chai, hakutakuwa na mada. Tutakaa vikundi vya watu sita kwa darasa mnalofundisha, wala si kwa wilaya mliyotoka, na kila mtu ataweka mezani daftari moja. Wanaolala jirani wapitie shuleni jioni hii. Waliotoka mbali wampigie simu mwalimu aliyeshika darasa lao, apige picha kurasa mbili azitume. Na mkimpigia, mshukuruni, maana ndiye anayewafanyia kazi.

Tunaanza saa mbili na nusu. Jina la mtoto lifunikwe kwa karatasi.